Waranti ya Nyongeza kwa Gari la Spoti: Isome Ukiwa na Kiabakari Kichwani

Bei ya Subaru Impreza WRX au Toyota Mark X ikishakubaliwa pale yadi, iwe Mwanza au Dar es Salaam, wapo wauzaji wanaotoa karatasi moja zaidi kutoka kwenye droo. "Bosi wangu, ongeza kidogo tu hapa, injini na giaboksi tunakulinda mwaka mzima." Mnunuzi ametoka mbali, fedha ziko tayari, na anawaza kuingia Kiabakari, mkoani Mara, gari likinguruma. Anasaini. Nimeona watu wakisaini bila kufungua ukurasa wa pili, na huo ukurasa wa pili ndio mkataba wenyewe.

Nitasema mapema ninavyoona. Kwa gari la spoti la mtumba litakaloishi Kiabakari, waranti ya nyongeza mara nyingi haistahili fedha inayoombwa. Zipo hali ambazo inafaa, nitazitaja, lakini kwanza mnunuzi ajue tayari analindwa na nini.

Waranti ya kiwandani hanayo. Gari jipya nchini Japani kwa kawaida hutoka na waranti ya miaka 3 au kilomita 60,000, na kwa sehemu nyeti kama injini miaka 5 au kilomita 100,000. Lakini hiyo ni ya soko la kule, na gari lenyewe kwa kawaida limeshavuka umri huo. Mark X za toleo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2009. Impreza zile zilizopendwa sana na vijana ni za 2000 hadi 2007. Haya ni magari yenye umri wa mtu anayeomba leseni ya udereva.

Bima kubwa nayo si waranti. Bima kubwa hulipa ajali, moto, wizi. Injini iliyochakaa ikafa yenyewe barabarani, bima hailipi. Kuna watu wanalipia bima kubwa wakiamini wamefunika kila kitu, na wengine wananunua waranti wakiamini hawahitaji tena bima kubwa. Wote wamekosea, maana kati ya bima na waranti kuna shimo, na gari la spoti linapenda kuangukia humo.

Chukua matuta ya barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, ile inayopita Kiabakari. Gari la spoti liko chini, na likishafungwa springi fupi linakuwa chini zaidi. Usiku, dereva hajaliona tuta, sampu ya oili inagonga lami. Gari halisimami. Linaendelea, oili ikivuja tone kwa tone, na taa nyekundu ya oili inawaka wakati dereva anaongea na abiria wake. Kilomita chache mbele injini inaanza kugonga, kisha inajifunga. Ukipeleka dai kwenye waranti, jibu ni kwamba chanzo kimetoka nje ya injini, yaani kugongwa, hivyo nenda kwenye bima. Ukienda bima, watakubali sampu iliyopasuka, lakini kuhusu injini watakuuliza kwa nini uliendelea kuendesha taa ikiwaka. Kabla ya kununua chochote muulize muuzaji kisa hiki hiki, kwa maneno haya haya: sampu ikigonga tuta na injini ikafa, nani analipa? Akijibu kwa mdomo, mwombe akuonyeshe kifungu.

Jambo la pili ni gereji. Mikataba mingi ya waranti inataka gari litengenezwe kwenye gereji waliyoidhinisha wao, na ukifungua injini kwa fundi mwingine kabla hawajaikagua, dai limekufa. Kwa mtu wa Kinondoni hilo si tatizo. Kwa mtu wa Kiabakari, gereji ikiwa Mwanza, gari lililokufa linavutwa kupitia Bunda, Lamadi na Magu hadi Igoma, zaidi ya kilomita 150. Gereji ikiwa Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na sijui nani atabeba gari juu ya lori umbali huo kwa sababu ya giaboksi. Soma kama gharama ya kuvuta gari imo, na ina kikomo cha kilomita ngapi. Kama haimo, hiyo waranti ni ya watu wa mjini.

Tatu ni ushahidi wa sevisi. Mkataba utasema oili ibadilishwe kila baada ya kilomita kadhaa na uonyeshe risiti. Fundi wetu wa chini ya mti anaweza kuijua injini ya Subaru kuliko watu wenye ofisi, lakini haandiki risiti. Ukiwa tayari umenunua waranti, nunua oili na filta dukani kwa risiti ya EFD, piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita siku hiyo, na fundi aandike jina, tarehe na kazi aliyofanya kwenye daftari na kusaini. Uliza mapema kama watalikubali daftari hilo.

Kisha kuna mambo ya spoti yenyewe. Ekzosi kubwa, kompyuta iliyochezewa ili turbo isukume zaidi, springi fupi, rimu pana: lolote kati ya hayo laweza kufuta waranti, hata kama alilifanya mwenye gari wa kwanza kule Japani na wewe hukujua. WRX nyingi zimeshachezewa. Ukisoma kwamba "gari liwe katika hali ya kiwandani", tambua kwamba huenda umekosa haki kabla hujatoka getini. Klachi, breki, shokapu, bushi na matairi, vitu ambavyo gari la kasi hula haraka kuliko vyote, karibu kila mkataba huviita uchakavu wa kawaida na kuviacha nje.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Waranti ya mwaka ni shilingi 1,500,000. Kikomo cha malipo ni 3,000,000. Injini inanoki, na injini ya mtumba pamoja na ufundi ni 5,500,000. Kampuni inatoa 3,000,000, wewe unaongeza 2,500,000, na kuvuta gari hadi gereji ni juu yako. Umelipa 1,500,000 ukapata 3,000,000. Ili karatasi hiyo iwe na faida, uwezekano wa injini kufa ndani ya mwaka mmoja lazima uzidi nusu kwa nusu. Gari ambalo unaamini lina hatari kubwa kiasi hicho, kwa nini unalinunua?

Wenzetu wameshalipima hili. Mwaka 2014 jarida la Marekani la Consumer Reports lilitoa matokeo ya kuwauliza wenye magari waliowahi kununua waranti za namna hii, na zaidi ya nusu yao hawakuwahi kuitumia hata mara moja. Hao ni watu wenye gereji kila kona.

Ile 1,500,000 ina kazi bora zaidi kabla na baada ya kununua. Kabla, mlipe fundi unayemwamini, asiyetafutwa na muuzaji, aende nawe yadi. Fikeni asubuhi na mshike boneti kwa mkono: ikiwa ya moto, gari limewashwa kabla hamjafika, na huenda kuna kitu kinafichwa. Rudini siku nyingine. Injini ikiwa baridi, mmoja awashe na mwingine asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka mwanzo ni oili inayoungua, na V6 ya Mark X ya lita 2.5 inajulikana kwa ringi zinazoganda na kaboni. Kwa WRX, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na ukikatika gari likiwa linakwenda, valvu hugongana na pistoni na silinda hedi zote zinafunguliwa. Kama hakuna karatasi ya kuthibitisha, hesabu kwamba haujabadilishwa, na punguza gharama hiyo kwenye bei. Omba pia karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali likarekebishwa, na kilomita zilizoandikwa pale zilinganishe na za dashibodi.

Ukaguzi huo una upande wa kisheria ambao wengi hawaujui. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaokubalika anaponunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, waranti iwepo isiwepo. Lakini ukishalikagua gari, kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuiona huwezi kuidai tena. Kwa hiyo kagua kweli, na ahadi zote za muuzaji, kuanzia kilomita hadi "injini haijafunguliwa", ziandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Ukidanganywa, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko.

Waranti inafaa lini? Pale gari ni la miaka ya karibuni na halijachezewa, kikomo cha malipo kinafikia bei ya injini nzima, kuvuta gari kumo, na gereji iliyoidhinishwa iko Musoma au angalau Mwanza. Inafaa pia kwa mtu ambaye gari ndilo linalomlisha na hana namna nyingine ya kupata milioni kadhaa kwa mkupuo. Kwa mwenye kipato cha machimbo, kinachokuja kwa mkupuo na kukauka miezi, nampendekezea akaunti ya pekee: siku ya kununua gari weka humo fedha ambayo ungeilipia waranti, na isiguswe kwa shughuli nyingine yoyote.

Ukiamua kununua, jua nani yuko nyuma ya ahadi. Kama ni kampuni ya bima, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA; ofisi ya TIRA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, unaweza kuwauliza kabla ya kusaini. Kama ni yadi yenyewe, jiulize kama itakuwa imefungua mlango mwakani. Omba nakala ya mkataba uende nayo nyumbani, ya Kiswahili kama ipo, usome na mwenzako siku mbili. Muuzaji akisema ofa inaisha leo, mlipe bei ya gari peke yake na umwachie karatasi yake.