WARIDI LA JANGWA: MAUA YASIYOTAKA MAJI MENGI

Mtu apitaye nyikani upande wa Garissa wakati wa kiangazi huona vichaka vikavu visivyo na jani hata moja, na katikati yake mti mfupi, mnene wa shina, umejaa maua mekundu yenye weupe ndani. Mti huo ndio waridi la jangwa. Watu wengi hupenda kuupanda katika chungu na kuuweka barazani, lakini mara nyingi hufa kabla ya mwaka kutimia. Haufi kwa kiu, bali hufa kwa maji mengi.

Mti huu ni mwenyeji wa nchi kavu za Afrika na Bara Arabu. Mtaalamu Peter Forsskål aliuona huko Yemen, akafariki huko mwaka 1763. Maandishi yake yalipochapishwa mwaka 1775, mti ulipewa jina la Kilatini lenye maana ya “mnene”. Unene ule ndio ghala yake. Mvua ikinyesha huweka maji shinani, na siku za ukame huyatumia kidogo kidogo. Basi ukimwagiwa maji asubuhi na jioni kama mchicha, mizizi hukosa hewa ikaoza.

Kupanda. Usiung’oe mti porini. Mti huo hukua polepole, na uking’olewa leo, pengo lake halizibwi upesi. Afadhali kutafuta mbegu. Matunda yake hukaa mawili mawili kama pembe; yakipasuka utaona mbegu nyembamba zenye manyoya ncha zote mbili. Zilaze juu ya mchanga wenye unyevu, uzifunike kidogo tu. Mbegu mpya huota kwa muda wa juma moja hivi. Kukata tawi na kulipanda pia huwezekana, lakini mti utokao katika tawi hauwi na kitako kinene kama ule wa mbegu.

Chombo na udongo. Chungu, debe au ndoo kuukuu zote zafaa, maadamu zimetobolewa chini. Changanya mafungu mawili ya mchanga wenye chembe kubwa na fungu moja la samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa. Weka chombo mahali penye jua. Kila miaka miwili uhamishe mti, na kuuinua kidogo ili mizizi minene ionekane juu. Mizizi ikijeruhiwa, iache kivulini siku chache mpaka vidonda vikauke, ndipo upande.

Maji. Tia kidole katika udongo. Kikikuta unyevu, ngoja. Ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uache mpaka ukauke tena. Majani yakipukutika, mti umepumzika. Punguza maji sana.

Dalili. Shina likinywea na udongo ni mkavu, mti una kiu. Likiwa laini na udongo ni majimaji, limeanza kuoza. Ung’oe mara moja, ukate sehemu iliyooza kwa kisu safi mpaka ufike penye nyama nyeupe, uuache ukauke kivulini kama juma moja, ndipo uupande katika mchanga mkavu.

Hadhari. Utomvu wa mti huu ni sumu inayodhuru moyo. Katika sehemu mbalimbali za Afrika wawindaji waliutumia kupaka mishale. Basi usiuweke mahali ambapo watoto wadogo au mbuzi wataufikia. Ukikata tawi, usijishike macho, na unawe mikono kwa sabuni. Kisu hicho kisirudi jikoni. Mtoto akila sehemu yoyote ya mti, apelekwe hospitali bila kukawia, na kipande cha mti kichukuliwe ili mganga akitazame.

Garissa hupata mvua kama milimita 300 tu kwa mwaka, na nyumba nyingi hununua maji kwa mtungi kutoka mkokoteni wa punda. Katika nyumba ya namna hiyo, bustani ya kumwagiwa kila siku ni mzigo kwa mama wa nyumba. Waridi la jangwa halimnyang’anyi mtu maji ya kunywa. Lipe kata moja kwa wakati wake, ukaweze kuliacha, nalo litakupambia mlango hata nyika yote imekauka.