Mafunzo kwa wachuuzi wa mitumba: tazama sikio la dubu kabla ya kumtia majini

Robota la midoli ya manyoya likikatwa Kongowea, kazi ya kwanza huwa ni beseni. Midoli huloweshwa kwa sabuni, hukamuliwa, hutundikwa kwenye kamba, na lebo zinazoning'inia hukatwa kwa mkasi ili mzigo uonekane nadhifu. Kwa midoli mingi utaratibu huo hauna ubaya. Kwa michache ndiyo hasara yenyewe, kwa kuwa watu wanaokusanya midoli ya zamani hulipia lebo, na hulipia manyoya yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani.

Jina la kwanza kulijua ni Steiff. Ni kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1880 na Margarete Steiff, mshonaji aliyetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni kwa ajili ya polio. Tangu 1904 midoli yake hutiwa kifungo kidogo cha chuma kwenye sikio la kushoto, na siku hizi chini yake huwa na lebo ya kitambaa: ya manjano kwa midoli ya kawaida, nyeupe kwa ile iliyotolewa kwa idadi maalumu au kuiga ya zamani. Kina mama wengi Ulaya waling'oa kifungo wakihofia mtoto atakimeza, kwa hiyo pekua sikio uone kama pana tundu. Tundu peke yake si ushahidi. Shika mikono na miguu: dubu wa zamani huzungusha viungo vyake, manyoya yake ni ya mbuzi wa mohea, na ukimbonyeza tumbo huwa mgumu na hulia kwa ndani kama karatasi kavu, maana amejazwa nyuzi za mbao. Huyo akiloweshwa, ameharibika. Mfute vumbi kwa brashi laini na umweke kwenye foronya safi. Usimfunge ndani ya mfuko wa nailoni; kwa unyevu wetu wa Pwani ataota ukungu.

Kutoka Uingereza yapo pia majina ya Merrythought, iliyoanza 1930, ambayo lebo yake hutafutwa kwenye wayo, na Jellycat ya London, iliyoanza 1999. Jellycat ni mpya, laini, na inaoshwa bila shida. Inayotafutwa zaidi ni ile isiyotengenezwa tena.

Sasa onyo. Kuna midoli midogo yenye tembe za plastiki tumboni na lebo nyekundu ya umbo la moyo iliyoandikwa "ty". Hiyo ni Beanie Babies, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1993. Miaka michache baadaye watu waliinunua kwa maboksi wakidhani itawasomeshea watoto, na soko likaanguka. Hadi leo utaona mtu mtandaoni akitaja maelfu ya dola kwa dubu wa zambarau aitwaye Princess. Bei ya kutajwa si bei ya kuuzwa. Hata sisi tunajua mchuuzi huanza wapi na huishia wapi. Kwenye mitandao ya mauzo, chagua kuonyeshwa vilivyokwisha kuuzwa, kisha toa gharama ya posta. Mara nyingi kinachobaki hakizidi alichokuwa tayari kukupa mteja wa Likoni au Magongo.

Kwa hiyo usinunue robota kwa kutumaini hazina. Chambua lile ambalo ungelinunua hata hivyo, na lolote linalotia shaka liweke kando likiwa kavu. Dubu wa zamani mwenye macho ya kioo yaliyofungwa kwa waya asiuzwe kwa mtoto mdogo, hata akiombwa.

Ukipata mnunuzi, piga picha za sikio, wayo, lebo na kila tobo, na useme wazi kilichoshonwa upya. Akikutumia ujumbe kwamba amelipa, angalia salio lako mwenyewe la M-Pesa kabla mzigo haujatoka mkononi. Namba ya siri haihitajiki ili kupokea pesa, hata mnunuzi akidai yuko ng'ambo.