Vizazi vya Simu na Lugha ya Mtumiaji: Mustakabali wa Mtandao wa 5G Nchini Kenya

Ikisiri

Makala hii inachunguza mustakabali wa uwekezaji katika mitandao mipya ya simu na matumizi yake nchini Kenya, hususan mtandao wa kizazi cha tano, yaani 5G. Hoja yetu ya msingi ni kwamba minara na leseni pekee haziwezi kueneza mtandao. Mtandao huenea pale ambapo mtumiaji anaimudu simu, anaimudu gharama na anaielewa lugha ya huduma. Kwa msingi huo, tunadai kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi katika suala ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi na wanauchumi.

1. Utangulizi

Mnamo Oktoba 2022, kampuni ya Safaricom ilizindua rasmi huduma za 5G, baada ya majaribio yaliyoanza Machi 2021 katika miji ya Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega. Airtel ilifuata Julai 2023. Tangu wakati huo, swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: je, 5G itaenea nchi nzima lini? Makala hii inaliona hilo kuwa nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni: nani atakayeutumia mtandao huo utakapomfikia?

2. Dhana ya "kizazi"

Wataalamu huigawa historia ya simu za mkononi katika vizazi. Kizazi cha kwanza kilibeba sauti tu. Cha pili, kilichoanza kibiashara nchini Ufini mwaka 1991, kilileta mfumo wa dijitali na, baadaye, arafa. Cha tatu kilifungua mlango wa intaneti, cha nne kikarahisisha utazamaji wa video, na cha tano kinaahidi kasi kubwa zaidi pamoja na uwezo wa kuunganisha vifaa vingi kwa wakati mmoja.

Istilahi "kizazi" inastahili kutazamwa kwa makini. Wengi huidhania kuwa mpya akizaliwa, mkongwe hufa. Sivyo. Katika boma la Mwafrika, babu na mjukuu huota moto pamoja. Vivyo hivyo, vizazi vya simu huishi kwa pamoja. M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilibuniwa ifanye kazi kwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti. Hadi leo, mwenye "mulika mwizi", ile simu ndogo yenye tochi, hutuma na kupokea pesa kupitia teknolojia ya kizazi cha pili. Huduma iliyoipa Kenya sifa duniani haikutegemea mtandao mpya. Ilitegemea mtandao ambao tayari ulikuwa mikononi mwa watu.

3. Funzo la minada ya Ulaya

Historia inaonyesha hatari ya kuwekeza kwa kufuata shauku. Mwaka 2000, Uingereza ilipiga mnada leseni tano za kizazi cha tatu na kupata zaidi ya pauni bilioni 22. Miezi michache baadaye, Ujerumani iliuza leseni sita kwa takriban euro bilioni 50. Kampuni zilikopa fedha nyingi zikitarajia faida ya haraka. Hata hivyo, simu zenyewe zilichelewa, na huduma ya kwanza ya kizazi hicho nchini Uingereza ilianza Machi 2003. Nchini Ujerumani, wanunuzi wawili kati ya sita walishindwa kabisa kuendelea. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Kenya ilianza kwa viwango tofauti mno. Safaricom ililipia leseni ya kizazi cha tatu mwaka 2007 kwa dola milioni 25, na baadaye ada hiyo ikapunguzwa kwa waliofuata. Kuwasili kwa nyaya za chini ya bahari Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, kuliupa mtandao huo njia pana ya kuifikia dunia. Funzo ni bayana: leseni ni mlango tu. Mwenye kutumia fedha zote kununulia mlango hawezi kujenga nyumba.

4. Hali ilivyo nchini

Kizazi cha nne kilizinduliwa Kenya Desemba 2014, na leo kinawafikia zaidi ya asilimia 90 ya wananchi. Kwa upande wake, 5G ingali imejikita zaidi mijini. Sababu mojawapo ni ya kimaumbile. Mawimbi ya takriban megahezi 3500, yanayotumiwa sana na 5G, hubeba data nyingi lakini husafiri umbali mfupi na huzuiwa na kuta. Mawimbi ya megahezi 700 husafiri mbali zaidi, ingawa hubeba kidogo. Kwa hivyo, 5G yenye kasi huhitaji minara mingi iliyokaribiana, umeme wa uhakika na nyaya za faiba. Uwekezaji wa aina hiyo hurejesha fedha haraka katika mtaa wenye ofisi na maghorofa kuliko katika nyika za Marsabit au Turkana.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba tatizo kuu ni minara. Watu wanaoishi palipo na mtandao bila kutumia intaneti ni wengi kuliko wale ambao mtandao haujawafikia. Hili ndilo pengo la matumizi, na lina sababu zake. Simu ya 5G ni ghali. Hata simu za 4G zilizoanza kuundwa kiwandani Athi River mwaka 2023, ambazo ya bei nafuu zaidi iliuzwa kwa shilingi 7,499, bado ni mzigo kwa kibarua. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Juu ya bei kuna swali la manufaa: mkulima aliyenunua simu hiyo atapata nini humo, na kwa lugha gani?

5. Nafasi ya Kiswahili

Tukichunguza huduma zilizopokelewa vyema na umma, tunakuta nyingi zimebeba majina ya Kiswahili. "Sambaza" humwezesha mtu kumgawia mwenzake muda wa maongezi. "Okoa Jahazi" humkopesha aliyeishiwa. "Fuliza", iliyoanza Januari 2019, hukamilisha malipo pale salio linapopungua, na kufuliza ni kutenda bila kukatiza. Majina haya yanafundisha matumizi. Mtu hahitaji kuelezwa maana ya kuokoa jahazi. Methali na bahari vilikwisha kumweleza.

Hatudai kwamba majina peke yake ndiyo yaliyoleta ufanisi. Tunachodai ni kwamba yalipunguza umbali kati ya mashine na mtu. Kwa kizazi cha tano, umbali huo umerudi. Matangazo yake yamejaa maneno ya Kiingereza, na hata ndani ya Kiswahili istilahi zinagongana. Mfano bora ni neno "masafa". Redioni husikika "masafa ya 92.9", yaani idadi ya mitetemo ya wimbi, papo hapo, masafa ni umbali. Mwalimu anayetaka kueleza hali tuliyoitaja hapo juu hujikuta akisema "masafa ya juu hayafiki masafa ya mbali"! Mwanafunzi atachanganyikiwa. Tunapendekeza "marudio" litumiwe kwa mitetemo, na "masafa" libakie kwa umbali.

Kazi ya aina hii si ngeni. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Jitihada hiyo ilithibitisha kwamba lugha yetu inaweza kubeba teknolojia iwapo wenyewe wataibebesha.

6. Hitimisho

Kwa maoni yetu, katika miaka ijayo kizazi cha nne kitaendelea kuwa tegemeo la Wakenya wengi, huku 5G ikikua mijini, hasa kama intaneti ya nyumbani na ofisini. Ushindani wa setilaiti za Starlink, zilizoanza kuhudumu nchini Julai 2023, utazilazimu kampuni kupima upya mahali pa kuwekeza. Mfuko wa huduma kwa wote, ambao kampuni huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, haufai kuishia kwenye minara. Sehemu yake igharimie pia maudhui ya kilimo, afya na elimu kwa Kiswahili na lugha nyingine za wananchi.

Katiba ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Hadhi hiyo itabaki karatasini ikiwa mkulima atafungua simu yake mpya na kukuta kila kitu kinazungumza na mtu mwingine. Wahandisi watasimamisha minara. Istilahi, tafsiri na maudhui ni kazi yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, na hatuna wa kumwachia.