Chama Chenu Kizungumze Wapi? Somo la Kuchagua Jukwaa Kabla Pesa Hazijapotea

Je, chama chenu kina kundi ambalo asubuhi linaanza na "habari za asubuhi wapendwa", saa nne lina video ya mahubiri, mchana lina tangazo la ploti huko Kamakis, halafu jioni mtu anauliza, "Jamani, mchango wa wiki hii unatumwa kwa namba gani?" Kama ndiyo, somo la leo ni lenu.

Mara nyingi tukiongea kuhusu usalama wa pesa kwa simu tunakazia PIN. Usimpe mtu PIN, usiiandike kwa karatasi, usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Hayo yote ni kweli. Lakini tapeli hahitaji PIN yako ikiwa anaweza kukufanya utume pesa wewe mwenyewe, kwa hiari, ukidhani unalipa chama. Kwa hiyo leo tunaangalia mahali ambapo namba ya kulipia inatangazwa: jukwaa la mazungumzo ya kikundi chenu.

Mfano wetu

Mfano huu tumeutunga ili kufundisha, ila ukifanya biashara Thika au Ruiru utautambua.

Kuna chama cha wauza mitumba 64. Wengine wana vibanda Makongeni, Thika, na wengine wako Kihunguro, Ruiru. Kila mmoja anachanga shilingi 500 kwa wiki, yaani 32,000 kwa wiki kwa kundi zima. Wanatumia WhatsApp, na linki ya kuingia ilishatumwa kwa makundi mengine ili kupata wanachama wapya. Hakuna anayekagua nani anaingia.

Jumanne moja saa mbili usiku, ujumbe unaingia. Picha ni ya mweka hazina, jina ni la mweka hazina: "Wapendwa, laini yangu ina shida. Mchango wa leo tumeni kwa namba hii." Mweka hazina mwenyewe yuko kwa matatu akirudi nyumbani, na bando imeisha. Anapofika na kuwasha mtandao, watu 11 wameshatuma. Shilingi 5,500 zimeenda.

Si pesa nyingi, utasema. Lakini ngoja Jumapili kwenye kikao. Wale 11 wanasema, "Sisi tumelipa." Wengine 53 wanasema, "Hamjalipa chama." Mmoja ananong'ona kwamba labda mweka hazina anajua zaidi ya anavyosema. Sasa kinachotaka kuvunjika ni chama cha miaka sita.

Katika kikao hicho kijana mmoja anasimama: "Tuachane na WhatsApp. Tujenge jukwaa letu la kisasa." Wengi wanapiga makofi. Je, amesema kweli?

Anzeni na kazi, si programu

Kosa tunaloliona ni kuchagua programu kwanza, halafu kutafuta kazi ya kuipa. Kabla ya kutaja jina la programu yoyote, jibuni maswali haya matano kwa maandishi.

1. Sisi ni nani na tuna simu gani? Kwenye mfano wetu, wanachama tisa wana simu za mulika mwizi. Jukwaa lolote la intaneti linawaacha nje, hata liwe zuri namna gani.

2. Tunaongea nini hasa? Mazungumzo ya kikundi huwa ya aina tatu: matangazo (kikao ni lini), mjadala (tununue viti au tukodishe?), na kumbukumbu (tulikubaliana nini mwaka jana kuhusu mikopo). Matangazo yanataka kusikika na kila mtu. Mjadala unataka muda. Kumbukumbu zinataka kupatikana tena. Ukiweka vyote kwa chungu kimoja, matangazo ndiyo huzama kwanza.

3. Nani anaruhusiwa kuona nini? Majina, namba za simu, nani amekopa na nani amechelewa. Hizo ni habari za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na msingi wake ni rahisi kuelewa: usikusanye zaidi ya unachohitaji, na usiitumie kwa kazi nyingine bila mwenyewe kujua.

4. Nani atasimamia? Si "tutasaidiana". Majina ya watu wawili au watatu, na siku zao.

5. Tutaweza kulipia mpaka lini? Bei ya mwezi wa kwanza si kitu. Angalieni ya mwaka wa tatu.

Machaguo manne

WhatsApp. Nguvu yake ni moja na ni kubwa: watu tayari wako hapo. Kundi linaweza kubeba hadi watu 1,024, kwa hiyo chama cha 64 hakijaanza hata kulijaza. Udhaifu wake ni kwamba mazungumzo yote yanatiririka kwa mstari mmoja kama gari za Thika Road jioni, na uamuzi wa mwezi Machi utautafuta mpaka uchoke. Pia kila aliye ndani ya kundi anaweza kuona namba yako. Lakini kuna mipangilio ambayo makundi mengi hayajawahi kuigusa: kuruhusu maadmini peke yao kutuma ujumbe, na kutaka admini aidhinishe kila anayeingia. Mipangilio hii miwili ingetosha kumzuia yule tapeli wetu wa Jumanne.

Telegram. Kundi linaweza kufika watu 200,000, linaweza kugawanywa kwa mada, na unaweza kuficha namba yako ya simu. Mwanachama mpya anaweza kuruhusiwa kusoma yaliyopita. Ila kumbukeni mambo mawili. Kwanza, mazungumzo ya kundi la kawaida la Telegram hayana ule usimbaji wa kutoka simu hadi simu ambao WhatsApp inao. Pili, Novemba 2024 wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilitatizika nchini Kenya. Kama mchango wenu unategemea Telegram peke yake, wiki kama hiyo mnakaa gizani.

Msidhani hiyo ni shida ya Telegram tu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima kwa karibu saa sita duniani kote. Kila jukwaa lina siku yake.

Kundi la Facebook. Kila mada inakaa na majibu yake chini, kwa hiyo mjadala unafuatika. Namba yako haionekani kwa kila mtu. Lakini si kila tangazo linafika mbele ya kila mwanachama, kwa sababu Facebook ndiyo inachagua kinachoonekana kwanza. Na akaunti bandia ni rahisi kufungua. Linafaa kwa mjadala, si kwa tangazo la haraka.

Jukwaa lenu wenyewe. Hapa ndipo yule kijana anataka mwende. Ziko programu ambazo hulipii leseni: phpBB, iliyoanza mwaka 2000, na Discourse, iliyotoka mwaka 2013. phpBB ni nyepesi, inakubali kukaa kwenye seva ya kawaida ya kushiriki na wengine. Discourse ni ya kisasa zaidi na inasomeka vizuri kwa simu, lakini inataka seva yake yenye angalau GB 1 ya kumbukumbu, na mtu anayejua kuitunza.

Faida ni za kweli. Mada zimepangwa, kutafuta ni rahisi, mnaamua nani anaona nini, na kumbukumbu ni mali yenu. Lakini "bure" hapa ni kama kupewa ng'ombe bure: nyasi ni zako. Mtalipia jina la tovuti kila mwaka, na seva kila mwezi au mwaka. Mkisahau kulipia jina, mtu mwingine anaweza kulichukua, halafu wanachama wanaingia nyumba ileile wakikuta mwenyeji mwingine. Lazima mtu asasishe programu, ahifadhi nakala, na afute akaunti za roboti zinazojaza matangazo ya kamari. Mkiuliza "nani atafanya?" na watu wote waangalie chini, mmepata jibu lenu.

Msimamizi ni zaidi ya programu

Kenya ina historia ya jambo hili. Mashada ilikuwa mojawapo ya majukwaa makubwa ya awali ya Wakenya kuzungumza mtandaoni, na mwanzilishi wake ni David Kobia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mazungumzo yaligeuka kuwa matusi ya kikabila kiasi kwamba Januari 2008 Kobia aliyafunga. Programu haikuharibika. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa: kubeba kila neno lililoandikwa. Kilichoshindikana ni kusimamia maneno hayo kwa wakati. Mwezi huohuo Kobia alikuwa mmoja wa walioanzisha Ushahidi, ambapo watu walituma taarifa za ghasia na zikawekwa kwenye ramani.

Chama chenu si Mashada, lakini funzo linafaa hata kwa watu 64. Andikeni sheria fupi, zisizozidi tano, kabla ya kufungua mlango. Nani anaweza kufuta ujumbe? Mtu akitukana, anaonywa mara ngapi? Mtu akihama chama, anaondolewa siku gani? Na maadmini wawe wawili au zaidi, ili simu ya mmoja ikiibiwa stendi ya Thika, mwingine aweze kufunga mlango.

Kila admini pia aweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp yake. Ni PIN ya tarakimu sita, tofauti na ile ya pesa. Na ile koodi ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS isipelekwe kwa mtu yeyote, hata akijiita mchungaji.

Pesa na mazungumzo zisilale kitanda kimoja

Hii ndiyo sehemu tunayoomba msome mara mbili. Jukwaa lolote mtakalochagua, shikeni haya:

Namba ya kulipia haibadilishwi kwenye mazungumzo. Inabadilishwa kwenye kikao, ana kwa ana, na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Ujumbe wowote unaosema "namba imebadilika" ni wa uongo mpaka kikao kiseme vinginevyo.

Tumieni akaunti ya chama, kama vile paybill, badala ya namba ya mtu. Laini ya mtu hupotea, na watu huhama.

Soma jina kabla ya kukubali. Jina likija tofauti na mnalolijua, simama hapo. Afadhali mchango uchelewe siku moja.

Skrinshoti si risiti. Inahaririwa kwa dakika mbili. Mweka hazina aangalie taarifa ya akaunti ya chama na kulinganisha msimbo wa muamala.

Orodha ya waliolipa itolewe siku ileile kila wiki, ili aliyekosewa aseme mapema.

Na kama pesa zimeshaenda? Usianze kuandika kwenye kundi. Kwa M-PESA, tuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe. Kila dakika ni muhimu, kwa sababu pesa zikishatolewa ni vigumu kuzipata. Halafu piga ripoti polisi. Kisha ndipo uwaonye wenzako.

Walivyoamua

Turudi kwa wauza mitumba wetu. Walijibu yale maswali matano, na swali la nne likawakamata: hakuna aliyekuwa na muda wa kutunza seva. Wakabaki WhatsApp, lakini kwa makundi mawili. La kwanza ni la matangazo, maadmini watatu peke yao wanaandika. La pili ni la gumzo, na huko namba ya simu ya kulipia hairuhusiwi kabisa. Linki ya zamani wakaifuta. Wale tisa wa mulika mwizi wanapata SMS kutoka kwa katibu. Maamuzi ya kikao yanaandikwa kwenye daftari moja, na picha ya ukurasa inatumwa kwenye kundi la matangazo.

Kuhusu zile 5,500, walikubaliana kwamba kila mmoja wa wale 11 alipe 250 na chama kibebe 250 kutoka mfuko wa faini, kwa sababu ni chama kilichoacha mlango wazi. Sio sheria, ni makubaliano. Lakini mweka hazina bado ni yuleyule, na hilo ndilo lililokuwa hatarini.

Je, yule kijana alikosea? Si sana. Kama mngekuwa wakazi wa mtaa wa nyumba 900 kule Ruiru, wenye kesi za maji, ulinzi na barabara zinazoendelea kwa miaka, na watu wawili walio tayari kulipwa kidogo kutunza seva, jukwaa lenu wenyewe lingefaa. Kazi ndiyo inachagua chombo.

Zoezi la wiki hii

Kabla ya kikao kijacho, fungua kundi lenu ufanye mambo matatu. Hesabu ni watu wangapi humo ndani huwajui. Angalia maadmini ni nani, na kama yuko aliyehama chama. Halafu jaribu kutafuta ujumbe uliotangaza namba yenu ya kulipia kwa mara ya kwanza. Ukikosa kuupata kwa dakika tano, hata mwanachama mpya hataupata. Hiyo ndiyo ajenda yenu ya kwanza.