Masafa, Kunasa na Chaneli: Istilahi za Redio katika Msimbo wa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza msamiati unaohitajika ili somo la redio ya programu liweze kufundishwa kwa Kiswahili. Redio ya namna hii, iliyopewa jina na mhandisi Mmarekani Joseph Mitola mwanzoni mwa miaka ya 1990, hufanya kwa msimbo wa kompyuta kazi nyingi ambazo zamani zilifanywa na koili na kapasita. Mwandishi wa msimbo hutoa amri mbili tofauti: moja ya upande wa kurusha mawimbi, nyingine ya upande wa kupokea. Dai letu ni kwamba msamiati tulionao ni wa msikilizaji, yaani mtu apokeaye tu, na ndiyo maana hukwama mara anapotaka kurusha.

2.0 Masafa

Masafa kati ya Musoma na Butiama hupimwa kwa kilomita. Masafa ya kituo cha redio kilichoko Musoma hupimwa kwa megahezi. Utata huo huondolewa na muktadha. Utata wa pili ni mbaya zaidi. Watangazaji walipotuzoesha kusema "masafa mafupi" na "masafa ya kati", neno hilo lilihusu urefu wa wimbi, si idadi ya mitetemo kwa sekunde, na mambo haya mawili hukinzana: urefu ukipungua, idadi huongezeka. Wimbi la kilohezi 600 lina urefu wa mita 500. La megahezi 6 lina mita 50 tu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bunda akiambiwa "punguza masafa", ana haki ya kuuliza kama tarakimu katika msimbo ishuke au ipande. (Tena "masafa mafupi" ndiyo yafikayo mbali zaidi!) Tunapendekeza "masafa" libaki kwa maana ya idadi ya mitetemo, kwa kuwa matangazo ya FM, yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, yamekwisha kuwazoesha watu maana hiyo. Ile nyingine iitwe "urefu wa wimbi".

3.0 Kunasa na kuweka

Msikilizaji wa Butiama aweza kusema ameinasa stesheni ya Bunda. Kitenzi hiki ni cha wategaji na wavuvi, nacho chafaa kwa kupokea. Lakini arushaye hanasi kitu. Hata upande wa kupokea kina kasoro: kunasa ni kufanikiwa, ilhali amri ya msimbo hutekelezwa hata kama hewani hamna sauti. "Kuweka masafa" kwatosha pande zote mbili. Aidha, kifaa kwa kawaida husogeza oseleta yake hadi karibu na masafa yanayotakiwa, kisha hesabu za kidijitali humalizia tofauti iliyobaki. Hivyo tunahitaji kutenga "masafa yaliyoombwa" na "masafa yaliyopatikana", na msimbo makini husoma yale ya pili kabla ya kuendelea.

Pande hizo mbili mara nyingi hazikutani. Simu ya GSM ya megahezi 900 hurusha kati ya 890 na 915, na kupokea kati ya 935 na 960, kila jozi ikitengana kwa megahezi 45.

4.0 Chaneli

Kwa mtazamaji, chaneli ni kituo cha televisheni. Kwa nahodha ni masafa yenye namba: chaneli ya 16 ni megahezi 156.8, iliyotengwa kimataifa kwa wito na dharura. Katika msimbo ni njia ndani ya kifaa, ihesabiwayo kuanzia sifuri. Tunapendekeza hii ya mwisho iitwe "mkondo", tupate "mkondo wa kurushia" na "mkondo wa kupokelea".

Pendekezo hili si la urembo. Anayetaka kuisikiliza chaneli ya 16 akiwa Musoma, kisha akayaweka masafa yake katika mkondo wa kurushia, aweza kuzima wito wa chombo kilicho hatarini, katika ziwa lile lile ambamo MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere ikapinduka tarehe 20 Septemba 2018. Kwa mazoezi ya mwanzo, vifaa vya kupokea tu ndivyo vifaavyo.

Limebaki suala la "kutuma" na "kurusha". Kutuma humtaka mpokeaji ajulikanaye, kama barua. Antena haimjui msikilizaji wake. Tumechagua "kurusha".