Familia Zinazotoa Wanyama Waliojeruhiwa na Mafuriko: Maswali na Majibu

Je, kutoa mnyama ni sawa na kumtelekeza?

Si sawa. Kumtoa ni kumkabidhi kwa mtu mwenye uwezo wa kumtibu, au kwa daktari wa mifugo ambaye humuua bila maumivu pale asipotibika, ilhali kumtelekeza ni kuondoka bila kumwachia mlezi yeyote. Wanaozilaumu familia hizo huyachanganya haya mawili.

Nchini Uganda, kwa nini familia za Mbale zisihukumiwe sawa na za Jinja?

Kwa sababu maji hayakuja kwa mwendo mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ghafla mjini Mbale na kuua watu zaidi ya 20, na katika hali kama hiyo mzazi aliyebeba watoto gizani hawezi kuulizwa habari za mbwa. Kule Jinja, kinyume chake, Ziwa Victoria lilipanda kwa miezi mingi hadi kipimo cha maji cha mji huo kikaonyesha mita 13.42 mnamo Mei 2020, kiwango kilichoipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, hivyo waliokaa ufukweni walikuwa na nafasi ya kujiandaa. Hata hivyo, aliyekimbilia chumba cha kupanga huenda akakuta mwenye nyumba hataki mbwa, sembuse mbwa mwenye kidonda.

Je, familia ikipenda haiwezi kumtibu?

Mfupa uliovunjika huhitaji eksirei, dawa ya usingizi na pengine upasuaji, na maafisa mifugo wa wilaya hushughulika zaidi na ng'ombe, mbuzi na kuku. Kituo kinachojulikana zaidi cha kuhifadhi mbwa na paka kiko Kampala, umbali wa kilomita zaidi ya 200 kutoka Mbale, safari ambayo familia iliyopoteza godoro na akiba ya mahindi haiimudu. Kuna pia kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoenezwa kwa mate na ambao, dalili zikishatokea, huua karibu kila mara. Mbwa mwenye maumivu huuma hata wanaomlisha, na kama hakuchanjwa, kumwondoa penye watoto ni busara, ingawa jirani aonaye kwa mbali huita ukatili.

Basi nani alaumiwe?

Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, ambapo baadhi ya Wamarekani walikataa kuhama kwa kuwa makazi ya dharura hayakupokea wanyama, sheria ya Marekani ya mwaka 2006 iliagiza mipango ya uokoaji iwahesabu pia wanyama wa nyumbani. Mbale na Jinja, zilizopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, zinapaswa kuulizwa kuhusu mipango kama hiyo: wapi pa kuwafungia wanyama, na nani wa kuwatibu? Anayestahili lawama binafsi ni yule aliyeona maji yakija siku nyingi, akahama, akamwacha mbwa kwenye mnyororo.