Ukivaa Kanzu ya Babu, Vaa na Adabu Yake



Hapa Dodoma siku ya Ijumaa, watu wanapotoka kuswali, utaona jambo linalopendeza macho. Vijana wengi, wakiwemo wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara na watumishi waliohamia huku na Serikali tangu mwaka 2016, wamerudi kwenye mavazi ya wazee wao. Utaona kanzu yenye darizi kifuani, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, bakora mkononi, na wengine wameongeza koti la kizamani walilolichagua kwenye mitumba. Akina dada nao wapo wanaouliza habari za buibui la kamba walilovaa bibi zao.

Swali ninalotaka tulijadili leo ni hili: Je, anayevaa vazi la wazee analazimika pia kuwa na mwenendo wa wazee? Nimesikia majibu mawili. Wako wanaosema nguo ni nguo tu, tabia ni jambo jingine. Na wako wanaosema kama huna adabu ya kanzu, basi ivue, usituaibishe. Kwa maoni yangu, majibu yote mawili yana kasoro.

Kanzu ilikujaje huku bara?

Kanzu haikuanzia Ugogo. Ilikuja na misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo kuelekea Tabora na Ujiji. Watawala wa Kigogo walitoza hongo kwa misafara hiyo, na sehemu kubwa ya hongo ililipwa kwa nguo kama merikani na kaniki. Watu wa misafara, ambao wengi wao walikuwa wenyeji wa bara waliokwishajifunza Kiswahili, walipenda kuitwa waungwana. Na muungwana kwa asili ni mtu huru, asiye mtumwa. Maana ya mtu mwenye adabu ilikwenda sambamba na hiyo.

Huko Unguja, kabla ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, mtumwa hakutakiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya mabwana. Ndiyo maana walipopata uhuru, wanaume wengi walikimbilia kanzu na kofia, na wanawake wakaacha kaniki, wakavaa kanga na baadaye buibui. Hawakutafuta mapambo peke yake. Walikuwa wanatangaza kwamba wao nao ni watu wa heshima.

Kwa hiyo anayesema nguo ni nguo tu hajaisoma historia ya nguo aliyoivaa. Kanzu kwetu sisi ni kauli. Ukiivaa, hata asiyekujua anakuita ustadhi, na dukani unaweza kukopeshwa bila maswali mengi. Heshima hiyo hukuichuma wewe. Waliichuma wazee waliotangulia, kwa miaka mingi ya kusema kweli na kurudisha amana.

Deni la kofia

Siku moja nilikuwa sokoni hapa mjini nikisubiri kununua mchele. Mbele yangu alikuwepo mama wa makamo, Mgogo na si Muislamu. Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa kanzu safi na kofia ya viua. Mama yule alilipia kilo tano bila hata kutazama mizani. Alipofika duka la jirani akapima tena, akakuta pungufu karibu nusu kilo. Akarudi nikiwa bado pale. Badala ya kumsikiliza, kijana alimfokea mbele ya watu: "Wewe mama, unanijua mimi?" Mama akamjibu kwa sauti ya chini, "Nilikuja kwako, mwanangu, kwa sababu ya hiyo kofia."

Ndugu msomaji, tulizingatie jibu hilo. Mama yule hakuwa na habari za Surat al-Mutaffifin, ambayo Allah (s.w) anaifungua kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Lakini alijua kwamba kofia ile ilimpa ahadi, na ahadi ile ikavunjwa. Kijana alichukua mkopo kwa jina la Waislamu wote, kisha akakataa kuulipa.

Mtume (s.a.w), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemfananisha mtu anayejionesha kuwa na kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Na katika Surat al-Munafiqun, aya ya 4, Allah (s.w) anawaelezea wanafiki kuwa ni watu ambao miili yao inapendeza ukiwatazama, lakini ni kama magogo yaliyoegemezwa. Sura nzuri ya nje si dhambi. Dhambi ni kuifanya sura hiyo chambo.

Funzo la ihramu

Je, dini yetu ina vazi linaloambatana na sheria ya tabia? Ndiyo, lipo, nalo ni ihramu. Mwanamume anavaa shuka mbili zisizoshonwa. Na aya ya 197 ya Surat al-Baqara inamkataza aliyejiwajibishia Hija maneno na vitendo vya kimwili baina ya mume na mke, uovu na mabishano. Hawindi, hajipaki manukato. Mwenendo wake wote unabadilika.

Lakini zingatia nukta hii. Wanazuoni wanatufundisha kuwa mtu haingii kwenye ihramu kwa kujifunga shuka tu, bali kwa nia. Mtu akijitanda shuka zile nyumbani kwake bila nia, hawi mwenye kuhirimia. Basi shuka hazifungi, nia ndiyo inayofunga. Kazi ya shuka ni kumkumbusha aliyenuia.

Mfano mwingine ni Imam Malik, aliyefariki mwaka 795 Miladia huko Madina. Imepokewa kuwa alipotaka kusomesha hadithi za Mtume (s.a.w) alikuwa akioga, akavaa nguo zake nzuri, akajitia manukato, kisha akaketi kwa utulivu. Vazi lile halikumpa elimu. Lilikuwa ni namna yake ya kuiambia nafsi kwamba sasa tunaingia kwenye jambo kubwa.

Hata watu wa sayansi wamelitazama suala hili. Mwaka 2012 watafiti wawili, Hajo Adam na Adam Galinsky, walieleza kuwa watu waliovaa koti jeupe wakiambiwa ni la daktari walikuwa makini zaidi kuliko walioambiwa kuwa koti lile lile ni la mchoraji. Hata hivyo, watafiti wengine walirudia sehemu ya jaribio hilo mwaka 2019 wasipate matokeo yale. Hivyo tusiitegemee nguo kama mwalimu wa pekee. Koti halina miujiza, na kanzu vilevile.

Kulinda heshima kwa kuvunja heshima

Sasa niwageukie wanaosema "ivue". Nchi yetu imewahi kujaribu kunyoosha tabia kwa kukagua nguo. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana ianze Januari 1, 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, mwishoni mwa 1968, vijana wa Dar es Salaam walikuwa wakiwavamia mabinti mitaani kwa sababu ya nguo zao. Yaani heshima ilitetewa kwa kuwavunjia watu heshima. Tusirudie kosa hilo misikitini kwetu, kwa kumsimamia kijana mlangoni na kumpimia kanzu yake kama tunavyopimiwa nguo kwa fundi.

Tena tukumbuke kuwa si kila adabu ya kale inafaa kurithiwa. Waungwana wa misafara walikuwa na ukarimu na lugha laini, lakini wengi wao pia waliwaita wenyeji wa bara washenzi. Kanzu ileile iliyokuwa alama ya stara ilikuwa pia alama ya kumtenga aliyenyimwa. Mtume (s.a.w), katika hadithi iliyopokewa na Muslim, alipoulizwa kuhusu mtu anayependa nguo nzuri, alieleza kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi kijana avae kanzu ya babu, lakini dharau ya babu, kama ilikuwepo, aiache kaburini.

Tunachojifunza

Kwanza, adabu ni wajibu wa kila Muislamu, awe kwenye kanzu, kwenye suti au kwenye ovaroli la gereji. Asidhani aliyevaa shati kwamba yeye amesamehewa. Tofauti ni kwamba kosa la mwenye kanzu linakuwa na gharama zaidi, kwa sababu linalipwa na wengi ambao hawakulitenda.

Pili, kijana asiseme, "Nitasubiri mpaka niwe mwema ndipo nivae." Akisubiri hivyo ataingia kaburini hajavaa. Avae, na anapoivaa anuie jambo moja maalumu: leo sitapunja, leo sitapaza sauti kwa aliyenizidi umri, leo nitaanza mimi kutoa salamu. Surat Luqman, aya ya 18 na ya 19, zinatupa orodha fupi: kutowageuzia watu shavu kwa dharau, kutotembea kwa maringo, kuwa na mwendo wa wastani na kushusha sauti. Hayo yote yanawezekana kuanzia leo.

Tatu, wazazi na walimu wa madrasa, mnapowanunulia watoto kanzu na mabuibui ya Idi, wapeni na adabu moja pamoja na nguo hiyo. Mwambie mtoto, "Hii kanzu ni ya mtu anayempisha mzee kiti kwenye daladala." Atakapokua, akaisahau kanzu ile iliyombana, kiti ataendelea kukitoa.

Katika Surat al-A'raf, aya ya 26, Allah (s.w) ametaja neema ya nguo ya kusitiri tupu na nguo ya pambo, kisha akataja vazi la ucha Mungu kuwa ndilo bora zaidi. Hakuziondoa zile mbili, bali alizipangia daraja. Nasi tuzipange hivyo hivyo.

Tunamuomba Allah (s.w) atuvishe vazi hilo lililo bora, na azifanye nguo zetu za nje kuwa shahidi wa kweli juu ya yaliyomo nyoyoni mwetu. Wallahu a'lam.